Nani ashike funguo za mtandao?

Tarehe 21 Julai mwaka 2008 aliyekuwa meya wa jiji la San Francisco huko Marekani, Bwana Gavin Newsom, alikwenda jela. Hakuwa na kesi. Alikwenda kumwona mahabusu mmoja, mtumishi wa jiji lake mwenyewe, ili apewe maneno ya siri. Mahabusu huyo ni mhandisi wa mitandao aitwaye Terry Childs. Kwa siku 12 jiji lile tajiri, jirani wa makampuni makubwa kabisa ya kompyuta duniani, halikuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuingia katika ruta na swichi za mtandao wake lenyewe.

Mtandao wenyewe uliitwa FiberWAN. Ndani yake zilipita barua pepe za maofisa, orodha za mishahara, nyaraka za polisi na taarifa za mahabusu. La kushangaza ni kwamba mtandao haukuzimika hata dakika moja. Mishahara iliendelea kulipwa na barua ziliendelea kwenda. Lakini lilikuwa sawa na basi linalokwenda kasi barabara ya Morogoro huku usukani umefungwa kufuli na ufunguo anao mtu aliyeko rumande. Maadamu barabara imenyooka, abiria hawana habari.

Childs aliulizwa maneno ya siri katika kikao cha tarehe 9 Julai, mbele ya wakubwa wake na polisi, na simu ya mezani imefunguliwa sauti watu wengine wakisikiliza. Akakataa, kisha akatoa maneno yasiyofanya kazi. Utetezi wake ulikuwa kwamba wale waliomo chumbani hawakuwa na idhini ya kuyajua. Mwezi Aprili 2010 alitiwa hatiani, mwezi Agosti akahukumiwa kifungo cha miaka minne, na baadaye akaamriwa kulilipa jiji karibu dola milioni moja na nusu. Miongoni mwa raia walioketi kuamua kesi hiyo alikuwamo mhandisi wa mitandao, kwa hiyo hawezi mtu kusema waamuzi hawakuelewa mambo.

Binafsi nakubaliana na hukumu. Mali ya umma haifichwi na mtumishi wa umma. Lakini nikiisoma kesi ile naona mkosaji wa pili ambaye hakupandishwa kizimbani, nao ni uongozi uliokaa miaka na miaka ukiridhika kwamba mtu mmoja ndiye anayejua, mtu mmoja ndiye anayeingia, na hakuna karatasi inayosema nani mwingine ana haki ya kuingia. Nimeanza na kisa cha mbali kwa sababu kile kilifika mahakamani na kila jambo likaelezwa chini ya kiapo. Visa vya hapa kwetu huishia katika vikao vya ndani, na sisi wananchi tunaambiwa sentensi moja tu dirishani: "Samahani kaka, mtandao hakuna."

Sentensi hiyo sote tunaijua. Umepanga foleni tangu saa mbili asubuhi, umefika dirishani, binti anatikisa kichwa. Mara nyingi sababu ni waya uliokatwa au umeme. Lakini zipo siku ambazo sababu ni kwamba mtu asiyestahili aligusa kitu, au anayestahili hayupo na hakuna mwingine anayeweza kukigusa. Hayo mawili ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo. Mimi si mhandisi. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, na haya nimejifunza kwa kuwauliza mafundi mpaka wakachoka, na kwa kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo wenye ofisi wengi huvitupa pamoja na boksi.

Hebu tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Mbeya na matawi Iringa na Songea. Kila tawi lina ruta inayopeleka taarifa makao makuu, swichi inayozigawa kwa kompyuta za ndani, na pengine mtambo wa kurusha mawimbi ya mtandao usio na waya. Zamani swichi ikilemewa Songea, fundi alipanda basi. Siku hizi ipo programu inayokaa katika seva moja na kuizungukia mitambo yote kila baada ya dakika chache, ikiiuliza hali: umeamka? umebeba mzigo kiasi gani? joto lako vipi? Mtambo usipojibu, programu inampigia fundi kelele kwenye simu yake. Na programu nyingine haziishii kuuliza. Zina uwezo pia wa kuamuru. Zinaweza kufunga mlango wa swichi, kubadili njia ya ruta au kuwasha mtambo upya kutoka umbali wa kilomita 400.

Ili iweze kufanya hayo, programu hiyo lazima ishike funguo za mitambo yote. Ndiyo kusema mwizi hana haja ya kuzunguka matawi matatu. Akishampata mwenye shada la funguo amemaliza kazi.

Sasa fikiria nyumba ya kupanga kule Magomeni. Mpangaji ana ufunguo wa chumba chake na wa mlango wa uani. Mwenye nyumba ana wa akiba. Fundi bomba akija anafunguliwa, anaonyeshwa bomba, anasimamiwa, anaondoka kabla ya magharibi. Hakuna mwenye nyumba mwenye akili timamu anayempa fundi bomba funguo za vyumba vyote aende nazo kwao Mbagala. Lakini katika mitandao ya maofisi jambo hilo hutendeka kila siku, na wanaolitenda ni watu waliosoma, wenye tai shingoni.

Jambo la kwanza la kutofautisha ni kusoma na kuandika. Kusoma ni kuona hali ya mtambo. Kuandika ni kuubadili. Lugha inayotumika sana kati ya programu na mitambo huitwa SNMP, nayo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Katika matoleo yake ya awali ulinzi wote ulikuwa neno moja tu: ukilitaja, mtambo unakujibu. Mitambo mingi ilitoka kiwandani ikiwa na neno "public", yaani umma, kwa kusoma, na neno "private", yaani faragha, kwa kuandika. Ulimwengu mzima uliyajua maneno hayo mawili. Isitoshe, neno hilo lilisafiri kwenye waya likiwa wazi kabisa, bila kufichwa, kama mtu anayepiga kelele namba yake ya siri ya benki katikati ya soko la Kariakoo.

Mwezi Desemba 2002 toleo la tatu la lugha hiyo lilipewa hadhi ya kanuni kamili. Ndani yake kila anayeuliza ana jina lake na siri yake, mazungumzo yanaweza kufichwa, na mwenye mtandao anaweza kusema huyu aone tawi hili la taarifa tu na lile asilione. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado zipo ofisi zinazotumia toleo la zamani na neno lile lile la kiwandani, eti kwa sababu linafanya kazi. Ndiyo, linafanya kazi, hata kwa mgeni. Kama mtambo wako ni wa kale na haujui toleo la tatu, walau badili neno, funga haki ya kuandika, na uuamuru mtambo ujibu maswali yanayotoka kwenye anwani ya seva moja tu. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila mtambo.

Kwa wale wanaodhani nazidisha chumvi, mwaka 2016 palitokea programu haribifu iitwayo Mirai. Haikuwa na ufundi wa ajabu. Ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, ikapita dunia nzima ikigonga milango ya kamera na ruta ndogo ndogo na kujaribu moja baada ya jingine. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la mitambo iliyotekwa hivyo liliishambulia kampuni ya Dyn, na watu wengi wa Marekani wakashindwa kwa saa kadhaa kufungua Twitter na Netflix.

Tuje kwa binadamu, maana hapo ndipo penye kazi. Nitachukua mfano wa Zabbix, programu iliyoanzia Latvia, ambayo mafundi wengi wanaipenda kwa sababu haiuzwi. Unapoisimika inakuja na mtumiaji mmoja aitwaye Admin, neno lake la siri ni jina la programu yenyewe, na hilo limechapishwa waziwazi katika maelekezo. Mwenye jina hilo ana uwezo wote. Ofisi nyingi huishia hapo: wanabadili neno la siri (wengine hata hilo hawalifanyi), kisha mafundi wanne wanalitumia kwa pamoja. Asubuhi moja swichi ya Songea inakutwa imezimwa. Daftari la programu linasema aliyeizima ni Admin. Admin ni nani? Wote wanne wanatazamana.

Njia iliyo sahihi ni kila mtu kuwa na jina lake. Kisha haki hazigawiwi mtu mmoja mmoja, hugawiwa vikundi. Unaunda kikundi cha mitambo ya Mbeya, cha Iringa na cha Songea. Unaunda kikundi cha mafundi wa kila tawi, na unakipa kila kikundi haki juu ya mitambo yake: kusoma tu, kusoma na kuandika, au kukatazwa. Kikundi kipya cha watumiaji huzaliwa hakina haki juu ya mtambo wowote mpaka upewe, na huo ni utaratibu mzuri. Mhasibu mkuu anayetaka kuona kama laini anayoilipia kila mwezi inafika Songea kweli, apewe kusoma. Hana sababu ya kuandika, hata kama cheo chake ni kikubwa kuliko cha fundi. Hapa wakubwa wengi hununa. Bwana mkubwa huona ni dharau kijana wa juzi awe na haki ambayo yeye hana. Lakini mkurugenzi wa shirika la ndege naye haombi kushika usukani.

Upo mtego mmoja hapa ambao nilielezwa na fundi kijana, naye alinieleza kwa lugha nyepesi kuliko kitabu. "Mzee," aliniambia, "mtu akiwa katika vikundi viwili, kimoja kinasoma na kingine kinaandika, ile ya kuandika ndiyo inashinda. Lakini kimoja kikiwa cha kukatazwa, katazo linashinda yote." Nikamwuliza ubaya uko wapi. Akacheka. "Ubaya ni uhamisho, mzee wangu. Fundi anahamishwa kutoka Mbeya kwenda Songea, wanamwongeza kikundi cha Songea, hakuna anayekumbuka kumtoa cha Mbeya. Baada ya miaka kumi, aliyehamishwa mara nyingi ndiye mwenye mtandao wote." Hakuna aliyekusudia. Hakuna barua iliyoandikwa. Haki zimemrundikia mtu kama vumbi juu ya kabati.

Mitambo yenyewe nayo ina ngazi zake. Ile ya Cisco, kwa mfano, ina ngazi kuanzia 0 hadi 15. Anayeingia kwa kawaida huwa ngazi ya 1, anaona machache. Ngazi ya 15 anaweza yote, hata kufuta. Za katikati, 2 mpaka 14, zimeachwa ili mwenye mtandao azijaze mwenyewe kwa amri anazotaka. Ofisi nyingi haziguswi kabisa hizo za katikati. Watu wanaruka kutoka 1 hadi 15, kama jeshi lenye makuruta na majenerali pasipo sajini hata mmoja. Palipo na mitambo mingi, inafaa itumike seva ya kuthibitisha watu, inayozungumza lugha kama RADIUS au TACACS+. Hapo mtu huwekwa mara moja mahali pamoja, na akiondoka anafutwa mara moja mahali pamoja. TACACS+ inaweza kuuliza hata kwa kila amri: huyu anaruhusiwa kuitoa amri hii? Na inaandika kwamba aliitoa, saa ngapi.

Mpaka hapa nimezungumzia watu. Kumbe programu yenyewe nayo ni mtumishi, na inastahili kupewa haki kwa kipimo. Hili dunia ililikumbuka kwa machungu mwezi Desemba 2020. Kampuni ya Marekani iitwayo SolarWinds ilikuwa inauza programu ya kusimamia mitandao, jina lake Orion. Majasusi waliingia katika kiwanda chenyewe cha kutengenezea programu na kutia sumu ndani ya masahihisho ambayo wateja waliyapokea kuanzia Machi 2020, yakiwa na muhuri halali wa kampuni. Wateja wapatao 18,000 walipokea masahihisho hayo. Tarehe 13 Desemba serikali ya Marekani iliziamuru idara zake za kiraia kuitenga Orion na mitandao yao mara moja. Februari 2021 ikulu yao ilitamka kwamba idara tisa za serikali kuu na makampuni binafsi yapatayo 100 yaliingiliwa hasa, na Aprili mwaka huo Marekani ikaishutumu idara ya ujasusi ya Urusi, ambayo ilikana.

Kwa nini majasusi wachague programu ya namna hiyo? Kwa sababu ya lile shada la funguo. Palipokuwa na seva ya Orion palikuwa na njia ya kuelekea kila ruta na kila seva, na kwingi ilikuwa imepewa uwezo mkubwa kupita haja yake, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kuisimika bila kero. Ofisi ambayo kazi yake ni kutazama tu haina sababu ya kuipa programu haki ya kuandika. Na seva hiyo haina sababu ya kuzungumza na intaneti yote. Ina anwani chache inazozihitaji, zilizobaki zifungwe. Palipofungwa hivyo, sumu ilikosa njia ya kupiga simu kwao kuomba maagizo.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache kabisa zinazotosha kazi yake. Waliandika pia kwamba kufuli la funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili ni imara kuliko la ufunguo mmoja.

Lakini tahadhari: ukibana sana unarudi San Francisco. Mtandao wenye msimamizi mmoja tu mwenye uwezo wote umebanwa vizuri mpaka siku msimamizi anapougua, anapopata ajali, au anapogombana na bosi. Dawa yake ni ya kizamani na ni rahisi. Neno la siri la dharura linaandikwa katika karatasi, linatiwa katika bahasha, bahasha inapigwa lakiri na kuwekwa katika sefu ambayo fundi hana ufunguo wake. Ikifunguliwa, wawili wanasaini daftari na neno linabadilishwa siku hiyo hiyo. Na mara kwa mara bahasha ijaribiwe, maana nimesikia habari za ofisi iliyofungua yake siku ya dharura na kukuta neno lililokwishabadilishwa zamani.

Daftari la matukio nalo lisikae katika mtambo ule ule anaousimamia yule yule. Lipelekwe seva nyingine, chini ya mtu mwingine, ambaye ana haki ya kusoma tu. Na anayeacha kazi afutwe siku anapokabidhi kitambulisho, wala si mwisho wa mwezi. Fundi wa kampuni ya nje aliyeitwa kwa siku tatu apewe jina linalokufa lenyewe siku ya nne.

Kuna upande wa sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila haki kuwa kosa la jinai. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayeshika taarifa za watu kuzilinda. Wenzetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2019. Lakini hakimu atajuaje kwamba fundi aliingia bila haki, iwapo ofisi haijawahi kuandika popote nani ana haki? Swali hilo ndilo lililowasumbua wanasheria wa San Francisco miezi mingi, na wao walikuwa na fedha za kulishughulikia.

Nilipoyasoma mazungumzo haya redioni msikilizaji mmoja wa Tabata, mwenye duka la dawa lenye kompyuta tano, alipiga simu kuuliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu. Yeye hahitaji Zabbix wala TACACS+. Anayo ruta moja aliyofungiwa na kijana ambaye hajui alipo sasa. Amwite fundi anayemwamini, afungue ukurasa wa watumiaji wa ruta hiyo mbele yake, na amsomee majina yaliyomo jina kwa jina. Lolote asilolijua lifutwe hapo hapo. Neno la siri alibadili yeye kwa mkono wake, fundi akiwa ametazama pembeni, na kile kipengele kinachoruhusu ruta kusimamiwa kutoka nje, kupitia intaneti, kizimwe. Aliniuliza itamchukua muda gani. Nilimjibu kuwa akianza baada ya kufunga duka atawahi taarifa ya habari ya saa mbili.